Asije Mtu na Trela

Bedford, Indiana
4 Aprili 1998

Mwanangu Nadine,

Mimi baba yako nina miaka themanini na minne. Nimewazika madaktari watatu walionikataza siagi, mbwa wote niliowahi kuwafuga, machimbo ya mawe ya chokaa yaliyonitoa jasho ujanani, na benki mbili zilizosema mchimba mawe hawezi kumiliki gari la Corvette. Nimemzika na mama yako, jambo ambalo sikulipanga, maana tulikubaliana mimi nitangulie. Kwa hiyo usiniandikie tena kurasa nne za kunifundisha uzee. Uzee ninao hapa nyumbani, nakula nao.

Pokea salamu zangu, wewe na Lyle mumeo. Mimi mzima, goti tu ndilo linalonung'unika asubuhi, nikilinywesha kahawa linanyamaza. Hamjambo huko Tucson? Hilo jua halijawakausha mkawa kama nyama ya kuanika?

Barua yako nimeisoma, jirani yangu Delmar akanisaidia penye maneno marefu. Sasa nakujibu. Kwanza, sikuanguka. Mwezi wa Januari nilijilaza chini ya gari kukagua bomba la moshi, na kwa kuwa nilishalala nikaona nipumzike kabisa. Delmar anasema alinikuta midomo imekuwa ya bluu. Midomo yangu ndivyo ilivyo wakati wa baridi. Huyo Delmar, mtu anayevaa mkanda na bado akafunga suruali kwa kamba za mabegani, ndiye umemfanya mpelelezi wako?

Pili, unasema nisikae peke yangu msimu mwingine wa baridi, nihamie kwako. Halafu hapo hapo unaniambia kwako hakuna gereji, kuna kibanda cha kivuli. Nadine, gari hili halijalala nje hata usiku mmoja tangu nilinunue likiwa jipya mwaka 1963. Siwezi kuliweka chini ya kibanda kama mbuzi.

Basi tusisumbuane. Gari likiuzwa, nakuja. Lisipouzwa, siji. Hilo ndilo neno langu, na unajua nikishasema huwa sirudi nyuma.

Ili usiseme sifanyi bidii, nimeshapeleka tangazo gazetini, nimeliandika mwenyewe: "Linauzwa. Corvette ya 1963, ya bluu, kioo cha nyuma kimegawanyika katikati kama kilivyotoka kiwandani. Wajinga wengi walikata ule mgawanyiko ili waone nyuma. Mimi sikukata. Halijawahi kunyeshewa. Asije mvuta sigara, mvaa kandambili, wala mtu wa jimbo la Ohio."

Sasa nangoja. Wasipokuja, si kosa langu.

Baba yako,
Orval Tackett


Tucson, Arizona
15 Aprili 1998

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo yangu ikufikie ukiwa umekaa kwenye kiti na si chini ya gari. Sisi hatujambo. Lyle anakusalimu na anasema nyama ya kuanika ni yeye, mimi bado.

Tangazo lako nimelisoma. Baba, hilo si tangazo, hilo ni onyo. Lakini neno lako nimelichukua kama lilivyo: gari likiuzwa, unakuja. Nimeibandika barua yako kwenye mlango wa friji, na kila anayekuja kunywa maji anaisoma. Majirani zangu wote sasa ni mashahidi.

Nikuambie jambo moja bila utani, kisha turudi kwenye utani. Daktari aliniambia mimi, si Delmar, kwamba ukilala tena kwenye sakafu ile ya saruji katika baridi kama ile, hutaamka. Sisemi haya kukutisha, maana nakujua hutishiki. Nasema kwa sababu simu itakapopigwa, nitakayeipokea ni mimi.

Na tukizungumzia simu, yako imekuwaje? Nikipiga inalia kama bata aliyebanwa mlangoni.

Kula mboga. Siagi si mboga.

Binti yako,
Nadine


Bedford, Indiana
20 Mei 1998

Mwanangu Nadine,

Natumaini wewe na mumeo mnaamka salama. Huku kwetu nyasi zimekua, goti limetulia, na Delmar bado hajafa.

Simu nimeing'oa ukutani. Ilikuwa inapigwa na watu wa Ohio.

Wanunuzi wamekuja, usidhani nimekaa bure. Wa kwanza alivaa kofia ya Kentucky, lakini nikamtambua kwa matamshi, akakiri kuwa ni wa Ohio. Nikampa maji nikamwonyesha barabara. Wa pili alikuwa kijana mwenye pesa, akaingia ndani ya gari, akapapasa kila mahali, akaniuliza, "Mzee, kikombe cha kahawa kinakaa wapi?"

Nikamwambia, "Kinakaa jikoni."

Wa tatu alikuwa na mkewe. Yule mke akasema ni zuri lakini litapendeza zaidi likipakwa rangi nyekundu. Nikafunga mlango wa gereji wao wakiwa bado wanazungumza.

Wote hao, mwanangu, walikuja na trela. Siku hizi mtu hanunui gari la namna hii akaliendesha. Analipandisha juu ya trela, analifunga mikanda, analifunika turubai, anaondoka nalo kama maiti ya tajiri.

Jumamosi jioni naenda nalo kule penye kibanda cha mikate ya nyama, kama kawaida, mawingu yakiwa mbali. Sisi wenye magari ya zamani tunayapanga, tunafungua boneti, kila mtu anafungua kiti chake cha kukunja na kukaa nyuma ya gari lake. Bango la "Linauzwa" nimeliweka kwenye kioo. Delmar alilizunguka gari lote akaniambia, "Orval, bango lako limegeukia ndani."

Nikamwambia, "Anayelitaka atainama asome."

"Atainama aingie wapi, mzee? Milango umeifunga kwa ufunguo!"

Delmar hajui biashara.

Halafu kuna huyu wa wiki iliyopita, aliyejiita Gaylord, akasema ni mkulima wa hapa hapa jirani. Mtu aliyeungua shingo namna ile mwezi wa Mei hakutoka Indiana, katoka jangwani. Na alipoona sandwichi zetu za nyama ya nguruwe, ile nyama iliyopita ukubwa wa mkate pande zote, alishangaa akauliza inaliwaje. Nilimlisha vizuri. Mwambie Lyle rafiki yake anakula sana, na nilimrudisha kwa usalama.

Baba yako mwenye macho,
Orval


Tucson, Arizona
6 Juni 1998

Baba,

Shikamoo. Hatujambo, ila Gaylord tumbo lilimuuma siku mbili, na bado anasema angeila tena.

Ndiyo, tulimtuma. Alikuwa na pesa za kweli na alilitaka gari kweli. Ungemuuzia angekuwa nalo leo, na wewe ungekuwa hapa barazani kwangu ukimlalamikia paka wangu. Unamfukuza mtu kwa sababu ya shingo?

Nimehesabu visingizio vyako nikachoka. Nitakuuliza swali moja tu, unijibu kwa ukweli: yuko mtu yeyote duniani ambaye unaweza kumuuzia gari hilo? Kama hayupo, niambie, ili nijue kwamba ile barua ya kwenye friji ilikuwa njia ya kuniambia hapana kwa adabu.

Binti yako,
Nadine


Bedford, Indiana
11 Julai 1998

Mwanangu,

Salamu kwenu nyote, na kwa paka pia, ingawa sijaombwa. Mimi nina afya, joto la mwezi huu linanifaa.

Unauliza kama yuko mtu. Alikuja. Nilidhani ndiye. Kaa chini nikusimulie.

Jina lake Bwana Prentiss Vandermolen, katoka Chicago. Suti ya kijivu, viatu vinavyong'aa, na mfukoni glavu nyeupe. Alizivaa kabla ya kugusa mlango! Nikamwambia Delmar kwa sauti ya chini, "Tazama. Huyu kalelewa." Alilala chini na suti yake akaangalia fremu. Alijua kila skrubu. Alipoona alama za chaki zilizoandikwa na watu wa kiwandani mwaka ule, ambazo sijawahi kuzifuta, alitoa kitambaa akajifuta macho. Akaniambia, "Bwana Tackett, umelitunza kama inavyotakiwa." Nadine, nilijisikia kama nimepewa nishani. Bei niliyotaja hakuipinga. Tulikuwa tunaelekea kupeana mikono.

Nikamuuliza, kwa maongezi tu, "Utaliendesha wapi kwanza?"

Akacheka. "Kuliendesha? Hapana, hapana. Ninacho chumba cha kioo ndani ya nyumba, hewa yake inapimwa. Litakaa humo. Halitawashwa tena."

"Halitawashwa kabisa?"

"Kila likiwashwa linapungua, Bwana Tackett. Wewe unalijua hilo kuliko mimi."

Nikamuuliza, "Umeoa?"

"Ndiyo."

"Mkeo naye yuko kwenye kioo?"

Hakuona cha kuchekesha. Akaita watu wake washushe mlango wa trela, trela lenye kuta na taa ndani, safi kuliko chumba changu cha kulala. Mmoja akaanza kufunga kamba kwenye bampa. Nikasema acheni. Wakadhani natania. Nikachukua ufagio. Delmar ndiye aliyenishika kiuno, na watu wa Chicago wakaondoka na trela lao tupu likigongagonga.

Mtu wa ajabu sana yule. Unapata kitu kizuri hivyo unakifungia! Nimemsimulia kila mtu hapa mjini, na wote wananitazama tu, hawasemi kitu. Labda ni joto.

Baba yako,
Orval


Tucson, Arizona
24 Julai 1998

Baba yangu,

Shikamoo. Sisi wazima. Wewe nakutakia uzima na kioo cha kujitazama.

Watu wa mjini wananyamaza kwa sababu ya heshima. Mimi ni mwanao, nitasema. Baba, huyo mtu wa glavu ni wewe. Tofauti yenu ni suti.

Umesahau harusi yangu? Juni ya 1974, kanisa limejaa, mimi nimesimama mlangoni na gauni, nakungoja uniingize. Ulikuwa umefika nusu ya njia ukaona wingu. Wingu, Baba, si mvua. Ukageuza gari ukalirudisha gereji, ukalikausha ingawa lilikuwa kavu, ukaja na lori la Delmar lililotoka kubeba nguruwe. Mpiga kinanda aliurudia wimbo ule mpaka wageni wakaanza kuuimba kwa kejeli. Nikaingia kanisani nimeshika mkono wa baba anayenuka zizi.

Na mama. Kila mwaka alikuambia, "Orval, nipeleke na hilo gari mahali ambapo hakuna anayetujua." Wewe ukisema kuna vumbi, kuna kokoto, kuna mvua. Alilipanda Jumamosi, kwenda kwenye kibanda cha mikate na kurudi, amekaa juu ya taulo.

Na jambo la mwisho, Lyle amenieleza jana, sikuwa najua. Mwili wa Corvette si wa chuma. Ni nyuzi za kioo. Hauoti kutu, Baba! Miaka yote hii umekuwa ukikikinga na mvua kitu ambacho mvua haikidhuru.

Nimeandika kwa hasira. Naituma hivyo hivyo.

Nadine, binti yako


Tucson, Arizona
30 Agosti 1998

Baba,

Shikamoo. Hujanijibu na mwezi umeisha. Nampigia Delmar, anasema unakula, unalala, na hutaki kuzungumza, na kwamba Jumamosi tatu zote hukwenda kwenye kibanda cha mikate ingawa anga ilikuwa safi.

Yale niliyoandika ni ya kweli, lakini ningeweza kuyasema nikiwa nimekaa karibu yako. Ndiyo maana nataka ukae karibu yangu.

Niandikie hata matusi.

Binti yako,
Nadine


Bedford, Indiana
12 Septemba 1998

Nadine,

Mimi mzima. Ninyi hamjambo.

Lile wingu lilikuwa baya. Muulize yeyote aliyekuwapo. Na fremu yake ni chuma, Lyle hakukuambia hilo. Fremu chuma, skrubu chuma, na mimi mwenyewe nina chuma gotini.

Sikukasirika. Nilikuwa na shughuli.

Nimebadilisha tangazo. Yale ya sigara, kandambili na Ohio nimeyatoa. Sasa linasema: "Linauzwa. Corvette ya 1963. Asije mtu na trela." Kwisha. Mwenye gazeti alisema nikiweka tangazo kama hilo hatakuja mtu. Nikamlipa aliweke kwenye magazeti ya mbali pia, ili wasiokuja wawe wengi.

Mpaka leo hajaja hata mmoja. Asubuhi kuna ukungu na majani yameanza kugeuka rangi. Nimenunua kuni. Delmar kaziona, nami sikumpa nafasi ya kusema.

Baba yako


Tucson, Arizona
8 Oktoba 1998

Baba!

Shikamoo popote ulipo, maana sijui ulipo.

Jana nilimpigia Delmar. Nikamuuliza, "Mzee Delmar, baba hajambo?"

Akasema, "Hayupo."

"Hayupo nyumbani au hayupo duniani?"

Akacheka mpaka akakohoa. "Nyumbani, mama, nyumbani. Duniani bado tunaye."

"Kaenda wapi?"

"Nimeapishwa."

"Na gari?"

"Halipo."

"Limeuzwa?"

"Nimeapishwa hapo pia."

Akakata simu, na alipokuwa anakata nilimsikia anapenga kamasi. Baba, nyumba imefungwa na gereji ni tupu. Kama umelipeleka gari ukalifiche kwa binamu zako huko milimani ili useme halijauzwa, nitakuja mwenyewe nilitoboe tairi zote. Na kama umeondoka nalo peke yako kwa macho yako hayo na goti hilo, basi Mungu akulinde mpaka nikufikie, kisha anipishe.

Naituma barua hii Bedford. Sina anwani nyingine yako, sijawahi kuwa na nyingine.

Binti yako, ambaye halali,
Nadine


Tucumcari, New Mexico
9 Oktoba 1998

Mwanangu Nadine,

Natumaini barua hii itakukuta mzima wewe na Lyle, na hujampigia Delmar, maana hawezi kutunza siri bila kupata homa. Mimi mzima kuliko nilivyokuwa nikiwa na miaka sabini. Naandika nikiwa nje ya chumba cha hoteli ya barabarani. Mwandiko ukiwa mbaya ni kwa sababu mkono umezoea usukani.

Gari limeuzwa.

Jumamosi iliyopita nilikuwa gereji nalifuta vumbi. Basi la kutoka kusini likasimama kule njia panda, akashuka mwanamke, umri kama sitini hivi, buti za kazi, mkoba mmoja, chupa ya chai kwapani. Akaja kwa miguu mpaka mlangoni kwangu. Akasema, "Wewe ndiye Tackett wa gazetini? Mimi Ofelia Barrientos."

Nikachungulia nyuma yake. "Trela lako liko wapi?"

"Trela la nini? Gari lina magurudumu mangapi?"

"Manne."

"Yanazunguka?"

"Yanazunguka."

"Basi nitaliendesha mpaka nyumbani."

"Nyumbani wapi?"

"Las Cruces, New Mexico."

Ilibidi nikae juu ya ndoo. Nikamuuliza, "Ukikuta mvua?"

"Nitawasha wipa."

"Na kokoto?"

"Zitapiga."

"Na wadudu kwenye kioo?"

"Watakufa, babu. Unauza gari au unaozesha binti?"

Ni mchimba visima vya maji, ana mashine zake mwenyewe. Anasema baba yake alikuwa akimwonyesha gari kama hili likipita barabarani kwa watu wengine, na tangu hapo alisema siku moja yeye ndiye atakayepita. Bei nilimtajia. Akanipunguzia. Mimi nikaongeza. Akapunguza tena, huku akila pai yangu. Nilipokuja kushtuka tumeshapeana mikono. Kiasi chenyewe nitakunong'oneza, maana posta wanasoma.

Sikumwachia hivi hivi. Nikamwambia likiwa baridi haliwaki kwa mtu mwingine isipokuwa mimi. Lina tabia zake. Unakanyaga mafuta kidogo, unangoja, halafu kuna neno la kuliambia.

"Neno gani?"

"Siwezi kulitamka mbele ya mwanamke."

"Mimi nimekaa na wachimba visima maisha yangu yote. Sema."

Nikasema. Halikuwaka. Akasema la kwake, kwa Kihispania. Likawaka.

Likiwa linanguruma pale akaniuliza, "Na wewe utakwenda wapi sasa?" Nikamwambia nimeahidi kwenda Tucson kwa binti yangu. Akasema, "Tucson ni mbele tu ya kwangu. Panda, nitakufikisha." Nadine, nilitafuta sababu. Nilisimama pale gereji nikatafuta sababu kama mtu anayetafuta miwani. Sikuiona. Hata kahawa ilikuwa imeisha.

Unajua Corvette ile haina buti ya mizigo. Mizigo inakaa nyuma ya viti, na mkoba wake ulishachukua nusu. Kwa hiyo mali yangu yote ya miaka themanini na minne ni begi moja, suti ya kuzikiwa, na kile kikaango cha chuma cha mama yako. Ofelia akasema kikaango kiwekwe nyuma na mabegi. Nikamwambia hiki kinakaa mbele. Nimekipakata tangu Indiana. Nimekionyesha mto Mississippi tulipovuka.

Sasa sikiliza. Karibu na Vinita, Oklahoma, mvua ikatukuta. Si wingu. Mvua, mwanangu, ya kumwagwa kwa mapipa. Ofelia akawasha wipa. Zile wipa za mpira zilikuwa hazijawahi kugusa maji tangu kiwandani. Zikapiga mara moja, mara mbili, zikasagika zikawa kama makombo ya keki. Tukaingia kituo cha mafuta tukiwa hatuoni kitu, na mama mmoja aitwaye Twyla akatuuzia mpya, akaniuliza hizo za zamani zilikuwa za mwaka gani. Nilipomwambia akaita watu wa ndani waje watazame makombo.

Tukaendelea. Askari akatusimamisha, kijana, kifuani kaandikwa Satterfield. Akasema, "Mnaendesha kwenye mvua hii bila taa?" Taa za gari hili hujificha ndani ya pua yake, na ile mota ya kuzigeuza iligoma. Ofelia akataka kutoka. Nikamwambia kaa, mimi ndiye ninayejua kitasa kilipo. Nikatoka mwenyewe kwenye mvua, nikafungua boneti, nikazigeuza kwa mkono, moja, halafu ya pili, maji yananiingia shingoni na kutokea kwenye soksi. Yule askari alinishikia mwavuli lakini upepo ukauchukua. Alisahau kutuandikia faini, akabaki anakitazama kile kioo cha nyuma.

Nikarudi ndani. Ofelia akaniambia, "Umelowa, babu."

"Na gari je?"

"Limelowa pia."

"Linaonekanaje?"

Akainama mbele akatazama ile pua ya bluu na maji yanavyoteleza. "Linaonekana kama gari."

Nami siku zote nimesema gari hili haliogopi maji. Halina cha kuota kutu pale juu, ni nyuzi za kioo. Mwambie Lyle, huenda hajui.

Baada ya Amarillo akanipa usukani. Barabara tupu, imenyooka, anga kote. Hapakuwa na mtu hata mmoja anayetujua. Mwendo niliokwenda sitauandika, kwa sababu ile ile ya posta, lakini kikaango wakati huo kilikuwa kwenye mapaja ya Ofelia, na alikishika kwa mikono miwili.

Kesho tunalala kwake Las Cruces. Kesho kutwa jioni tuko mlangoni kwako, kisha yeye anarudi na gari lake, nami sitalitazama likiondoka, kwa hiyo uwe na jambo la kunionyesha kule nyuma ya nyumba. Hata paka. Barua hii ikifika baada yangu, isome nikiwa nimelala, ucheke taratibu.

Najua utasema natia chumvi. Muulize Twyla wa kituo cha mafuta cha Vinita, makombo ya wipa kabaki nayo kwenye kikombe. Muulize askari Satterfield, yeye hana sababu ya kunipendelea. Muulize Ofelia Barrientos, atakuwa amekaa mezani kwako, kahawa yake nyeusi bila sukari. Delmar usimuulize. Tulipokuwa tunaondoka alisimama katikati ya barabara kafunika uso wote kwa kofia, na hakuona kitu.

Baba yako anayekuja,
Orval Tackett